Bafa uliyoiazimisha: kwa nini MSG_ZEROCOPY imeichosha seva na kuchanganya picha za wateja

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Nimeandika kwa C programu inayowapelekea wateja picha na video fupi kwa TCP. Seva ni Linux, kadi ya mtandao ni ya gigabiti 10. Nikiangalia kwa perf, chombo cha kupima muda wa prosesa unakwenda wapi, naona karibu asilimia 40 inaishia kwenye kunakili data kati ya programu yangu na kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux. Nikasoma habari za MSG_ZEROCOPY, bendera ya kuiambia kerneli itume bila kunakili, nikaiweka kwenye kila send. Seva imekuwa nzito kuliko mwanzo, na mara kwa mara send inarudisha kosa la ENOBUFS, kwamba nafasi ya kumbukumbu haitoshi. Tena mara mbili sasa mteja amelalamika kwamba picha aliyoipokea imechanganyika na picha ya mtu mwingine, ingawa faili kwenye diski ni nzima. Nimekosea wapi, au hii ziro-kopi ni maneno tu?"

Ndugu yangu, naanza na hilo la picha kuchanganyika, maana ndilo linaloweza kukufukuzisha kazi. Seva nzito inaudhi tu. Picha ya mteja mmoja kutokea kwenye simu ya mwingine ni siri ya mtu imevuja. Kabla hujasoma aya inayofuata, iondoe ile bendera kwenye send zote, washa programu upya, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Tuone kwanza send ya kawaida hufanya nini. Unaikabidhi kerneli anwani ya bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu yenye data yako, na idadi ya baiti. Kerneli inatenga kurasa za kumbukumbu zake yenyewe, inanakili baiti zako humo, inazivika heda za TCP na IP, inazipanga foleni. Wito unaporudi, wewe na kerneli hamdaiani. Bafa ni yako: iandike upya, ifute, irudishe kwa free, kerneli haina habari nayo. Ile nakala itakaa nayo mpaka ACK, yaani uthibitisho wa kupokea, irudi kutoka kwa mteja, kwa sababu TCP imeahidi kutuma upya kila kitakachopotea njiani, na mtu hawezi kutuma upya kitu asichokuwa nacho.

Kwa hiyo kunakili ni kutoa. MSG_ZEROCOPY ni kuazimisha. Kerneli hainakili kitu. Inazipigilia kurasa zako pale pale zilipo kwenye RAM ili zisihamishwe, inaandika vielekezi vya kurasa hizo kwenye pakiti, halafu kadi ya mtandao inakuja kujisomea kwa DMA, yaani moja kwa moja kutoka kwenye RAM, bila kumsumbua prosesa. Send inaporudi, huenda kadi haijagusa hata baiti moja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa aliyevaa nguo ni kerneli, na mwenye nguo aliyekuja kuivuta katikati ya sherehe ni wewe.

Nadhani msimbo wako uko hivi: malloc, soma picha kutoka kwenye faili, send, free, nenda kwa mteja anayefuata. Ukiita free, maktaba ya C hairudishi kumbukumbu hiyo kwa kerneli mara moja. Aghalabu inaiweka pembeni, na malloc ijayo ya ukubwa ule ule inapewa anwani ile ile. Wewe unamsomea Asha picha yake kwenye bafa ambayo bado ina mzigo wa Juma uliosimama foleni ukingoja zamu. Kadi inapofika kusoma mzigo wa Juma, inakuta picha ya Asha.

Na hakuna kitakachopiga kelele. Programu haianguki, kwa sababu kurasa zimepigiliwa na zipo. Kwenye dmesg, daftari la ujumbe wa kerneli, hamna kitu. Hata cheksamu ya TCP, namba ya kukagua kama data imeharibika njiani, haitakuokoa: siku hizi kadi ndiyo inayokokotoa cheksamu, na inaikokotoa juu ya baiti zile zile inazozisoma wakati ule. Baiti za Asha zinatoka na cheksamu sahihi ya baiti za Asha, ndani ya heda za Juma. Simu ya Juma inapokea, inakagua, inaridhika, inajibu ACK.

Niliwahi kukaa siku nne na hitilafu ya aina hii kwenye seva ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Faili mbovu nililinganisha na nzima kwa cmp, nikakuta zinatofautiana sehemu moja tu katikati, kipande cha baiti 1,448. Namba hiyo mtu wa mitandao anaijua akiwa usingizini: ni mzigo wa segmenti moja ya TCP kwenye Ethernet ya kawaida ya baiti 1,500, ukitoa 20 za IP, 20 za TCP na 12 za muhuri wa wakati. Maana yake segmenti moja ilipotea njiani. Safari ya kwanza data ilitoka nzima. Ilipobidi itumwe upya, kerneli ikarudi kusoma bafa ile ile, ikakuta wageni wamehamia. Ndiyo sababu hitilafu hii kwenye maabara huioni. Inataka mtandao unaopoteza pakiti, yaani inataka wateja wako wa kweli walioko kwenye daladala na simu zao.

Utauliza kwa nini kerneli haizifungi kurasa zile zisiandikwe mpaka imalize. Inawezekana, na FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, iliwahi kuwa na njia hiyo: ukurasa unageuzwa kuwa wa kusomwa tu, na ukithubutu kuuandika, kerneli inakutengenezea nakala papo hapo. Ikaja kuondolewa. Kubadilisha ruhusa ya ukurasa kunalazimu viini vyote vya prosesa vinavyoendesha programu yako vijulishwe vifute kumbukumbu zao za tafsiri ya anwani, na mtego wa kuandika ukishafyatuka, gharama yake inapita ile ya kunakili uliyokuwa unaikimbia. Linux ikachagua kukuamini. Ndiyo maana kabla ya kutumia bendera ile unalazimika kuweka SO_ZEROCOPY kwenye soketi kwa setsockopt. Ni kama kuweka sahihi kwamba unajua unachoazimisha. Bila sahihi hiyo bendera inapuuzwa kimya kimya na data inanakiliwa kama zamani.

Sasa, mkopo unarudishwaje? Kwa kila soketi kerneli ina hesabu ya biti 32 inayoanzia sifuri na kupanda kwa moja kila send yenye bendera ile inapofanikiwa kupeleka angalau baiti moja. Kerneli ikishamalizana na bafa, inaweka taarifa kwenye foleni ya makosa ya soketi. Jina linatisha lakini si kosa. Poll itakuonyesha POLLERR, nawe unaisoma kwa recvmsg yenye MSG_ERRQUEUE. Ndani utakuta namba mbili, ee_info na ee_data: kuanzia wito namba hii hadi namba hii, bafa zako zimerudi. Kwa TCP mara nyingi zinarudi kwa mpangilio, lakini usiufanye mpangilio huo kuwa sheria. Weka jedwali: namba ya wito, bafa yake. Bafa isiguswe na isirudi kwenye hazina kabla namba yake haijatajwa.

Hapo ndipo wengi wanapogundua kitu ambacho maelezo ya haraka hukiruka. Kwa TCP mkopo haurudi kadi inapomaliza kusoma. Unarudi mteja anapothibitisha. Chukulia mteja yuko mbali, safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150: bafa yako itashikwa angalau muda huo. Ukijaza kadi ya gigabiti 10 kwa wateja wa namna hiyo, wakati wowote una mikopo ya gigabiti 1.5 iliyoko nje, yaani karibu megabaiti 188 za RAM zilizopigiliwa. Mteja akiingia kwenye lifti na simu ikapoteza mtandao, bafa yake inabaki nje mpaka arudi au TCP ikate tamaa. Programu yenye hazina ya bafa 64 iliyotosha sana enzi za kunakili itakauka mara moja.

Kuhusu ENOBUFS sina maneno mengi. Taarifa zile zina kiti chao kwenye kumbukumbu ya soketi, kinachodhibitiwa na net.core.optmem_max, kwa miaka mingi kwenye mashine za biti 64 kilikuwa baiti 20,480 tu, kwenye kerneli za karibuni kimepandishwa hadi kilobaiti 128. Wewe hujawahi kuisoma foleni ya makosa hata mara moja, kwa hiyo ilijaa na send ikakataa. Njia ya pili ya kupata jibu lile ni kupita kiwango cha kumbukumbu ambacho mtumiaji anaruhusiwa kupigilia, kile unachokiona kwa ulimit -l. Ukisoma taarifa zako kwa wakati, mara nyingi ENOBUFS itaondoka bila kugusa hata mpangilio mmoja wa kerneli (sysctl).

Tuje kwenye uzito, na hapa lazima tupige hesabu, maana neno ziro-kopi linadanganya masikio. Mtu akisikia sifuri anadhani gharama ni sifuri.

Kiini kimoja cha prosesa ya kisasa hunakili gigabaiti 10 kwa sekunde bila jasho ikiwa data iko kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Kadi yako ikijaa pomoni ni gigabaiti 1.25 kwa sekunde. Yaani kunakili mzigo wote huo mara moja ni kama sehemu moja ya nane ya muda wa kiini kimoja. Data ikiwa imelala kwenye RAM ni zaidi, lakini si janga. Sasa angalia upande wa pili. Kuazimisha kunaitaka kerneli itembee kwenye jedwali la kurasa, iongeze hesabu ya washikaji wa kila ukurasa, itenge taarifa, baadaye ipunguze hesabu zile zile, na wewe upige wito mwingine wa mfumo kuja kusoma taarifa. Hizo ni mamia ya nanosekunde kila safari, pengine zaidi. Heda ya HTTP ya baiti 300 inanakiliwa kwa nanosekunde zipatazo 30. Nawe umesema umeweka bendera kwenye kila send, hata hizo. Ni sawa na kuandikiana hati mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya kuazimana kiberiti.

Maelezo ya kerneli yenyewe yanasema njia hii huanza kulipa kwa send za takriban kilobaiti 10 kwenda juu. Na hata ikilipa, usitegemee miujiza. Willem de Bruijn wa Google, aliyeileta kazi hii hadi ikaingia kwenye Linux 4.14 mwaka 2017, alitoa namba mbili ambazo napenda kuwaonyesha vijana: nafuu ya asilimia 39 kwenye jaribio dogo la netperf, na kati ya 5 na 8 kwenye kazi halisi. Tofauti ya namba hizo mbili inaeleweka: kazi halisi ina mambo mengine mengi ya kufanya zaidi ya kupeleka baiti.

Hapo niulize na mimi: ile asilimia 40 uliyoiona ni asilimia 40 ya nini? perf inagawa muda ambao prosesa ilikuwa kazini. Kama mashine nzima ilikuwa na shughuli asilimia 12 tu, kunakili kulikuwa kunakula chini ya asilimia 5 ya uwezo wako, na hukuwa na tatizo la kutatua. Swali la pili: ulipima wapi? Kama mteja wa majaribio alikuwa kwenye mashine hiyo hiyo kupitia 127.0.0.1, kerneli ilinakili vilevile, kwa sababu haiwezi kuacha kurasa zako mikononi mwa programu nyingine ambayo itazisoma itakapojisikia. Ulilipa gharama ya kuazimisha na ya kunakili kwa pamoja. Kuacha tcpdump ikisikiliza wakati wa kupima nako kunalazimisha nakala. Dalili ipo: taarifa inakuja na alama SO_EE_CODE_ZEROCOPY_COPIED. Ukiiona hiyo kwenye soketi, zima bendera kwa soketi hiyo, huna faida unayoipata.

Kuna jambo ambalo watu wa nje hawaliamini: ndani ya kerneli kwenyewe, ziro-kopi ni mambo ya kale. Watu wa BSD, tangu 4.2BSD ya mwaka 1983, walikuwa na mbuf, vijipande vidogo vya kumbukumbu vinavyofungwa mnyororo, ili heda iunganishwe mbele ya data bila kuisogeza data. Linux ina sk_buff, ambayo huacha nafasi tupu mbele ya mzigo. TCP inasogeza kielekezi nyuma na kuandika heda yake, IP inafanya hivyo, Ethernet inafanya hivyo, mzigo haujasogea hata baiti moja. Pakiti ikihitaji kutunzwa kwa ajili ya kutuma upya, kinachorudufiwa ni karatasi ya maelezo. Data inabaki moja na hesabu ya washikaji inapanda. Kote humo mwenye mali ni kerneli peke yake, kwa hiyo kuazimana hakuna fitina. Kunakili kumebaki mpakani tu, kati ya programu na kerneli, kwa sababu pale kuna pande mbili zisizojuana.

Na programu yako inavuka mpaka huo mara mbili! Ukisoma picha kwa read, kerneli inanakili kutoka kwenye kashe yake ya faili, yaani kurasa za faili inazozitunza kwenye RAM, kuja kwako. Ukiituma kwa send, inanakili kutoka kwako kurudi kwake. Kwenye kerneli za zamani za x86 kazi zote mbili huonekana kwenye perf kwa jina lile lile, copy_user_enhanced_fast_string. Kwenye mpya utaona rep_movs_alternative. Rekodi kwa perf record -g uone nani anaiita. Ninaweza kubashiri: nusu ya ile 40 ni read, ambayo MSG_ZEROCOPY haiigusi kabisa.

Wewe hukuhitaji MSG_ZEROCOPY. Ulihitaji sendfile. Ipo kwenye Linux tangu 2.2 ya mwaka 1999. Unaipa soketi, faili, mahali pa kuanzia na idadi ya baiti. Kerneli inachukua kurasa zile zile za kashe ya faili na kuzitundika kwenye pakiti. Nakala mbili zimeondoka. Na tazama mwenye mali ni nani: kurasa ni za kerneli tangu mwanzo, hujaazimisha kitu, kwa hiyo hakuna taarifa za kusubiri, hakuna hazina ya bafa, hakuna ENOBUFS ya taarifa. Juma na Asha hawawezi kukutana, kwa kuwa hakuna bafa wanayopangishwa kwa zamu. Bendera ile nyingine iache kwa wenye data inayozaliwa ndani ya programu, kwa vipande vikubwa, ambayo haijawahi kuwa faili.

Mambo machache ya kukujulisha kabla hujaikimbilia. Heda zako zitume kwa send ya kawaida yenye MSG_MORE, ili zisitoke peke yake kwenye pakiti ndogo kabla ya picha. sendfile inaweza kurudi na pungufu ya ulichoomba, na kwa wito mmoja haipeleki zaidi ya baiti 2,147,479,552, kwa hiyo iweke kwenye kitanzi. Jingine ni gumu kidogo: kurasa zisipokuwa kwenye kashe, sendfile ya Linux inasimama kungoja diski hata kama soketi umeiweka isisubiri. Programu yenye uzi (thread) mmoja itaganda, wateja wote wakiwa mlangoni, kwa ajili ya video moja ya mwaka juzi. FreeBSD ililitatua hili kwenye toleo la 11 kwa sendfile isiyongoja, kazi iliyofanywa na Netflix pamoja na watu wa seva ya wavuti ya Nginx. Kwenye Linux njia ya kawaida ni kuwa na kundi la nyuzi za pembeni zinazofanya kazi ya diski.

Na usiandike juu ya faili lililoko hewani. Kurasa za kashe ndizo zile zile zilizotundikwa kwenye pakiti. Ukibadilisha picha ya mtu ndani ya faili hilo hilo wakati inatumwa, unarudi kule kule kwenye vipande vya baiti 1,448. Andika faili jipya kwa jina la muda, kisha rename. Wanaosoma la zamani wataendelea nalo hadi mwisho.

Hukutaja TLS, ule usimbaji unaoficha data njiani, lakini naamini hutumi picha za watu wazi wazi. Hapo hesabu inageuka. Kusimba ni kugusa kila baiti na kuandika nyingine mahali pengine, maana huwezi kusimba juu ya kashe ya faili. Kwa TLS ya kawaida ndani ya programu, sendfile haina kazi. Linux tangu 4.13 ina TLS ndani ya kerneli: mkono wa salamu (handshake) wa kukubaliana funguo unafanywa na maktaba yako, funguo zinakabidhiwa kerneli, nawe unarudi kutumia sendfile. Nakala za mpakani zinaondoka, kusimba kunabaki. Ukitaka kuona mwisho wa barabara hii tazama Netflix, ambako Drew Gallatin mwaka 2021 alieleza kwenye EuroBSDCon namna ya kutoa gigabiti 400 kwa sekunde kutoka seva moja ya FreeBSD. Hizo ni gigabaiti 50 kwa sekunde. Prosesa ikisimba, data inapita kwenye waya za RAM mara nne: diski inaiandika, prosesa inaisoma, prosesa inaandika iliyosimbwa, kadi inaisoma. Gigabaiti 200 kwa sekunde, na mashine ile haikuwa na njia pana kiasi hicho. Wakahamishia usimbaji kwenye kadi yenyewe, mara nne zikawa mbili. Kwako wewe wa gigabiti 10 hilo ni la kusoma jioni ukinywa chai.

Uliwahi pia kuniuliza pembeni kama kuna njia ya kupokea bila kunakili. Ipo, lakini ni ngumu zaidi kwa sababu moja: kadi inaandika pakiti kwenye RAM kabla ya mtu yeyote kujua pakiti ni ya nani. Ndiyo maana TCP_ZEROCOPY_RECEIVE ya Eric Dumazet, iliyoingia kwenye 4.18, inahamisha ukurasa mzima kuuingiza kwenye anwani za programu yako, na inadai mzigo ukae sawasawa kwenye kurasa za baiti 4,096. Kwa mtandao wa baiti 1,500 hilo halitokei. AF_XDP, ya kerneli hiyo hiyo, inafanya kinyume: unatoa eneo lako la kumbukumbu kabla, kadi inaandika humo moja kwa moja, na umiliki wa kila kipande unapita kati yako na kerneli kwa pete nne, yaani foleni za mzunguko. Ni mkopo ule ule wa MSG_ZEROCOPY, ila hapa kila kukabidhiana kumeandikwa. Lakini TCP unaiacha nyuma, unabaki na pakiti ghafi.

Wanaozihitaji hizo ni wa pakiti ndogo. Gigabiti 10 za pakiti za baiti 64 ni pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, nanosekunde 67 kila moja. Kunakili baiti 64 si kitu. Kinachoua ni kutenga sk_buff, kufuli na wito wa mfumo kwa kila pakiti. Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alipoonyesha mwaka 2012 kwamba netmap, mfumo wake wa kupitisha pakiti, inafikia kiwango hicho kwa kiini kimoja kilichoshushwa hadi megahezi 900, siri ilikuwa bafa zilizotengwa mapema na kuchukua pakiti kwa mafungu. Kutonakili kulikuwa sehemu tu. Picha zako si kazi hiyo.

Basi fanya hivi. Leta sendfile na kundi la nyuzi, pima ukiwa na mteja kwenye mashine nyingine na tcpdump imezimwa, andika matumizi ya prosesa yote kwa ujumla kando ya asilimia za perf. Zikibaki send kubwa za data isiyo faili, hapo ndipo uirudishe bendera, na jedwali la namba zako likiwa tayari kabla ya send ya kwanza.

Na kuhusu wale wateja wawili, mwambie bosi wako leo. Wawili ndio waliolalamika. Wengine waliopokea kipande cha picha isiyo yao huwezi kuwapata kwenye log za seva, kwa sababu kwa upande wa TCP safari zile zote zilikwisha salama. Ila kama programu ya simu inatunza faili ilizopokea, ongeza kwenye toleo lijalo ukaguzi wa SHA-256, alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, dhidi ya faili zilizoko kwenye diski yako, uzirudie zote zilizotumwa tangu siku ulipoweka ile bendera.